Msaada: piano ya urithi ya bibi, nimeambiwa ni ya mwaka 1853. Nitajuaje ilitoka wapi?

#1 Mjukuu Mrithi
Habari wakuu. Bibi alitutoka mwaka jana. Kwenye kugawana wenzangu walichukua vinavyobebeka, mimi nikaangukiwa na piano. Ni ile ya kusimama, mbao zake zilikuwa nyekundu, sasa zimeiva mpaka zinakaribia weusi. Kuitoa chumbani tulihitaji wanaume sita na maneno ambayo bibi asingependa kuyasikia.

Hadithi ya nyumbani ni kwamba ilitengenezwa 1853 na kwamba baba yake babu aliachiwa na mtu aliyekuwa anahama. Nani huyo, kila mjomba ana jina lake. Kwenye kifuniko cha vibonyezo kulikuwa na maandishi ya dhahabu ambayo yamefutika. Ninachosoma ni "...STEIN", chini yake 1853, halafu michoro ya medali. Inalia, ila imeshuka sana, na noti ya la (kama do, re, mi) iliyo karibu na katikati imekufa kabisa, ukiibonyeza unasikia mbao tu.

Nataka kujua historia yake. Siuzi. Nianzie wapi?

#2 Kinanda Bubu
Nimekaa mbele kabisa. Ngoja waje wenye fani.

#3 Jicho Kavu
Mkuu, hiyo ni Bechstein, hakuna mjadala. Berlin, 1853. Umeangukiwa na dhahabu halafu unalalamika mgongo. Usimruhusu fundi yeyote aiguse.

#4 Nyundo na Felti
Mimi ni huyo fundi asiyeruhusiwa kugusa, niko kwenye kazi hii muda mrefu. #3 anakimbia mno.

1853 ni mwaka Bechstein alipofungua duka, si mwaka piano yako ilipotengenezwa. Viwanda karibu vyote viliandika mwaka wa kuanzishwa kwenye kifuniko. Halafu angalia kituko hiki: Bechstein wa Berlin, Blüthner wa Leipzig na Steinway & Sons wa New York wote walianza mwaka huohuo, 1853. Kwa hiyo huo mwaka peke yake haukupi hata nchi.

Medali ndizo zenye faida. Soma mwaka wa medali ya mwisho. Piano haiwezi kuwa na umri mkubwa kuliko medali yake.

Fanya hivi. Nyanyua kifuniko cha juu. Ndani, kushoto na kulia, kuna vishikizo viwili. Vigeuze, ubao wa mbele utatoka. Ushike kwa mikono miwili, ni mzito kuliko unavyodhani. Ubao wa chini, ule wa magotini, unashikiliwa na bapa la springi, libonyeze juu utoke. Kisha chukua tochi utuletee haya:
namba yoyote iliyopigwa kwenye chuma, kwenye mbao za juu ndani, au mgongoni;
vibonyezo ni 85 au 88, na vihesabu vyote, usikadirie;
nyuzi nene zinapita juu ya nyembamba kwa kukatiza, au zote zimesimama wima;
felti (vipande vya kitambaa kinene) zinazozima sauti ziko juu ya nyundo zinazogonga nyuzi au chini yake;
vibonyezo vyeupe vina mstari mwembamba wa kiungo pale sehemu pana inapokutana na mkia au havina.

Na usifute vumbi kwanza. Vumbi ni ushahidi.

#5 Mama Solfa
Naunga mkono #4, kwa aibu. Miaka ishirini nilikuwa nawaambia wageni kwamba Pleyel yangu ni ya 1807 na huenda mtunzi Chopin aliipita barabarani. Fundi akaja, akacheka taratibu, akaniambia 1807 ni mwaka Ignace Pleyel alipoanza biashara Paris. Yangu ni ya miaka ya 1920. Wageni wale sijawaambia mpaka leo.

#6 Panya Mzee
"Vumbi ni ushahidi." Kuanzia leo nyumbani kwangu hakuna kufagia.

#7 Mjukuu Mrithi
Shukrani wakuu. Nimetumia jioni nzima. Matokeo:

Vibonyezo 85. Nimehesabu mara tatu kwa sababu mara ya pili nilipata 84.
Nyuzi zinakatizana. Fremu ni chuma kizima toka juu mpaka chini.
Felti za kuzima ziko chini ya nyundo.
Namba ziko mbili! Kwenye chuma, juu karibu na pini, 41372. Kwenye mbao ndani, upande wa kushoto, imepigwa kwa moto au muhuri, 6118.
Kwenye reli ya nyundo kuna neno SCHWANDER.
Medali ziko tatu. Ya mwisho inasomeka 18?8, tarakimu ya tatu imeliwa.
Ubao wa mbele una matundu manne yaliyozibwa kwa mbao ya rangi nyingine kidogo.
Vyeupe vingi vina mstari wa kiungo. Kama kumi hivi vya juu havina, na hivyo vimegeuka njano kama jino la mvutaji.
Kitu kingine: vyeupe vya katikati vimechimbika kidogo kwa vidole, ila ile la iliyokufa haikuchimbika, iko bapa.

#8 Jicho Kavu
Schwander! Basi nafuta Bechstein. Mtengenezaji ni Schwander, Mfaransa. Kesi imefungwa.

#9 Nyundo na Felti
Kesi haijafunguliwa hata. Schwander wa Paris alitengeneza mashine, yaani nyundo na vijiti vyake vyote, akawauzia watengenezaji wa piano wa nchi mbalimbali. Ukiona jina la kampuni ya betri ndani ya redio, huwezi kusema redio ni ya kampuni hiyo. Kosa hili nalisikia kila wiki. Wengine wanasoma jina lililo kwenye vibonyezo, wengine la mtu aliyemwaga chuma cha fremu. Piano moja inaweza kuwa na majina manne na hata moja lisiwe la mwenye kiwanda.

Sasa, 85. Zamani piano nyingi ziliishia la ya juu, ndiyo 85. Noti tatu za juu ziliongezwa baadaye, Steinway wakazifanya kawaida miaka ya 1880. Lakini msikimbilie kusema "basi ni kabla ya 1880", maana wengi waliendelea kutengeneza za 85 mpaka karne ya 20 imeingia. Fremu nzima ya chuma, nyuzi za kukatiza na felti chini ya nyundo, vyote vitatu pamoja vinanipeleka mwishoni mwa karne ya 19 au mwanzoni mwa 20. Hapo siyumbi. Kusema 1853 kwa piano hii ni kama kusema babu yako alizaliwa na simu mkononi.

#10 Seremala Msomi
Matundu manne ni ya vishikio vya mishumaa. Viwili, kila kimoja skrubu mbili. Watu walivitoa umeme ulipoingia, au shaba ilipopata bei. Kazi ya kuziba imefanywa na mtu anayejua mbao, maana angekuwa mtu wa kawaida angejaza gundi na vumbi la msumeno.

#11 Mtunza Kumbukumbu
Salaam. Niongeze kwenye namba. Viwanda vikubwa vilitoa namba kwa mfululizo, na ziko orodha zinazoonyesha namba ipi ni ya mwaka upi, maarufu ni Pierce Piano Atlas. Ukichukua 41372 ukaiweka kwenye orodha ya Bechstein inaangukia miaka ya 1890. Hiyo inakubaliana na alichosema Nyundo.

Lakini orodha inafanya kazi ukishajua kiwanda. Namba bila jina ni kama funguo bila nyumba. 41372 ukiipeleka kwa mtengenezaji mwingine itakupa mwaka mwingine kabisa, na yeyote utakayejaribu atakupa jibu, ndiyo hatari yake.

#12 Sauti ya Tatu
Na kwa nini mnaichagua ya chuma mnaiacha ya mbao? Namba kwenye chuma mara nyingi ni ya ukungu, yaani kalibu ya kumwagia chuma, si ya piano. Mimi naamini 6118. Kiwanda kidogo kisichojulikana, kilichotoa piano elfu sita kikafa.

#13 Nyundo na Felti
Ya ukungu inakuwa imevimba, imezaliwa na chuma chenyewe. Namba ya piano hupigwa kwa nyundo ikaingia ndani, au huandikwa kwa rangi. Mleta uzi, 41372 imevimba au imezama?

#14 Mjukuu Mrithi
Imeandikwa kwa rangi nyeusi juu ya rangi ya dhahabu. Haijavimba wala haijazama. 😂

#15 Panya Mzee
Piano imeamua kuwanyamazisha wote.

#16 Nyundo na Felti
Kwa rangi inakubalika. Ila aliyeandika anaweza kuwa kiwanda, na anaweza kuwa mtu aliyeipaka dhahabu upya miaka hamsini baadaye akainakili vibaya. Sijui kwa nini nafanya kazi hii.

#17 Jicho Kavu
Tuhakikishe kwanza kama ni pembe za ndovu kweli au plastiki. Chukua sindano, ichome kwenye moto mpaka iwe nyekundu, igusishe kibonyezo mahali pasipoonekana. Plastiki itayeyuka, pembe haitadhurika.

#18 Mama Solfa
USIFANYE HIVYO!!! Hivyo vya juu visivyo na mstari, vilivyogeuka njano, vinaweza kuwa seluloidi, plastiki ya zamani. Seluloidi ni ndugu wa baruti ya pamba, inashika moto kwa kasi usiyoitarajia. Unataka kuchunguza historia ya piano ukaishia kuwa sehemu yake?

#19 Seremala Msomi
Namuunga mkono mama. Sindano haina haja. Mstari wa kiungo umeshajibu: pembe ilipasuliwa vipande viwili, kichwa na mkia, kwa sababu kutoa kipande kimoja kirefu ni kupoteza pembe. Halafu chukua kioo cha kukuzia, inamisha mwanga, pembe ina mistari laini kama ya mbao au alama ya kidole. Seluloidi haina, au ina mistari ya kuchorwa iliyonyooka kama daftari. Hivyo kumi vya juu vilibadilishwa baadaye.

#20 Jicho Kavu
Sawa, nimejifunza. Nilisoma mahali.

#21 Panya Mzee
Mahali hapo paliungua?

#22 Mtunza Kumbukumbu
Kuhusu pembe nitatoka nje ya mada kidogo, mnisamehe. Karne ya 19 sehemu kubwa ya pembe zilizokwenda kwenye piano za Marekani zilipitia Zanzibar. Pembe za Afrika Mashariki zilipendwa kwa sababu zilikuwa "laini", zilikatika bila kupasuka, tofauti na zile ngumu za upande wa magharibi. Zilipelekwa Connecticut, kwenye vijiji viwili jirani, Deep River na Ivoryton, hicho cha pili kikapewa jina la biashara yenyewe. Huko zilikatwa vipande vyembamba na kuanikwa kwenye nyumba za vioo, jua lizifanye nyeupe. Pembe zilibebwa mabegani kutoka bara hadi pwani, na waliozibeba wengi hawakuchagua kuzibeba. Kwa hiyo mtu akisema piano ni chombo cha Ulaya namuuliza, meno yake je?

#23 Sauti ya Tatu
Uzi mzito sasa. Na vile vyeusi ni mpingo, sivyo? Basi kila kitu kilitoka kwetu.

#24 Seremala Msomi
Si mpingo. Hapa kamusi zetu zinatuchanganya. Mpingo ni Dalbergia melanoxylon, huo unatengeneza klarineti na zumari za maana. Vibonyezo vyeusi vilikuwa vya miti ya jamii ya Diospyros, ile ambayo Waingereza wanaiita ebony, au mti wowote mgumu uliopakwa rangi nyeusi. Kamusi nyingi zinaiita yote miwili mpingo. Kwaruza kidogo ubavuni mwa kibonyezo: ukikuta kahawia chini ya nyeusi, basi ni wa kupakwa.

#25 Sauti ya Tatu
Nimekubali, ila imeniuma.

#26 Kinanda Bubu
Mleta uzi, kama kuna siku utahama nchi na piano yako, kumbuka pembe zina sheria. Tangu uamuzi wa 1989 wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, biashara ya kimataifa ya pembe za ndovu wa Afrika imefungwa, na piano ya zamani inaweza kudaiwa kibali mpakani. Ni ushauri tu, narudi kukaa.

#27 Mjukuu Mrithi
Nimerudi na habari. Nimefuata ushauri wa fundi mmoja niliyemuuliza pembeni: nimetoa kibonyezo cha kwanza kabisa upande wa kushoto. Ubavuni, kwenye mbao, kuna maandishi ya penseli: 3/11/07, halafu herufi mbili zilizoungana ambazo sizielewi.

1907! Si ndiyo?

#28 Jicho Kavu
1907. Kesi imefungwa (mara ya pili).

#29 Nyundo na Felti
Nafurahi umetoa kibonyezo, hapo ndipo mafundi huandika. Sasa breki. Penseli ubavuni inaweza kuwa ya fundi wa kiwandani siku alipomaliza, au ya fundi yeyote aliyeihudumia baadaye. Mimi mwenyewe nimeshaandika kwenye piano labda mia. Nani aje karne ijayo adhani nilizitengeneza!

Halafu, 3 Novemba au 11 Machi? Inategemea aliyeandika ni mtu wa wapi.

#30 Panya Mzee
Na 07 ni 1907 au 2007?

#31 Mjukuu Mrithi
#30 nilitaka kukucheka, halafu nikampigia mjomba. Anasema kuna fundi alikuja "miaka kadhaa kabla ya bibi kuanza kuumwa miguu." Nimepiga hesabu. Inaweza kuwa 2007.

Sijisikii vizuri.

#32 Mama Solfa
Pole mwanangu. Itazame penseli yenyewe: ya zamani inakuwa imefifia na kung'aa kidogo, uchafu umepita juu yake. Ya juzi uchafu uko chini yake. Na tazama saba imeandikwaje, ina kijiti katikati?

#33 Mjukuu Mrithi
Ina kijiti. Uchafu uko juu na chini.

#34 Mtunza Kumbukumbu
Turudi kwenye jina, maana bila jina tunazunguka. Zima taa za chumba, weka tochi ubavuni mwa kifuniko, iwe karibu imelala, halafu piga picha. Dhahabu ikishafutika huacha kivuli kwenye vanishi, mbao iliyokuwa chini ya herufi haikupigwa na mwanga sawa na jirani zake. Karatasi nyembamba na penseli laini nazo zinaweza kusaidia, ila usikandamize.

#35 Mjukuu Mrithi
Nimefanya. Kabla ya STEIN kuna nafasi ya herufi tatu au nne. Sioni kivuli cha herufi, ila kilichojitokeza ni mikwaruzo mingi sambamba, kama mtu alikwangua kwa kisu au kipande cha kioo. Sehemu ya "STEIN" haina mikwaruzo. Kwenye mstari wa chini, palipopaswa kuwa na jina la mji, pamekwanguliwa kabisa.

#36 Seremala Msomi
Eh. Basi si kufutika kwa kitambaa. Hapo mtu aliondoa jina kwa makusudi.

#37 Mtunza Kumbukumbu
Hii inanipa wazo. Vita vya kwanza vya dunia vilipoanza, jina la Kijerumani lilikuwa mzigo. London kulikuwa na ukumbi wa muziki ulioitwa Bechstein Hall, uliofunguliwa 1901 na kampuni yenyewe. Serikali iliutaifisha, ukauzwa 1916, ukafunguliwa upya 1917 kwa jina la Wigmore Hall, na uko mpaka leo. Kama ukumbi mzima ulibadilishwa jina, mtu mwenye piano sebuleni na majirani wenye hasira angefanya nini? Angechukua kisu. Alipofika STEIN labda alichoka, au mkewe aliingia.

#38 Sauti ya Tatu
Nzuri, lakini kwa nini aanzie mwanzo wa jina aache ncha yenye Ujerumani wote? Ningekuwa mimi ningeanza na STEIN.

Mimi nasema kinyume. Kabla ya vita jina la Kijerumani lilikuwa linauza. Wafanyabiashara waliagiza piano isiyo na jina kutoka kiwandani, wakabandika jina la kubuni linalofanana na la mkubwa. Badala ya Bechstein unaandika kitu-stein, herufi zilezile za dhahabu, mnunuzi akitazama haraka ameshalipa. Baadaye mwenye piano aligundua, akaona aibu, akakwangua mbele ili ibaki STEIN, wageni wajazie wenyewe. Na #3 amejazia.

#39 Jicho Kavu
Nimejazia kwa nia njema.

#40 Nyundo na Felti
Piano za jina la duka zilikuwa nyingi mno, hilo ni kweli. Na zingine ni piano nzuri kabisa, msizidharau. Ningependa kuona mgongo. Sheria ya Uingereza ya 1887 ilifanya bidhaa nyingi za nje ziandikwe nchi zilikotoka, Marekani wakaweka ya kwao 1890. Ukikuta "Made in Germany" mahali, ina maana ilipita soko la namna hiyo, na ina maana ni baada ya hapo. Usipokuta, haina maana yoyote.

#41 Mjukuu Mrithi
Mgongoni nimekuta gunia lililopigiliwa misumari midogo, kiota cha panya, pini za nywele tano, kifungo cha shati la mtoto, na karatasi iliyoandikwa kwa mkono wa bibi: "Alhamisi mikono miwili." Neno la nchi sijaliona.

#42 Panya Mzee
Kiota hicho ni cha ukoo wangu, naomba kiheshimiwe. Sarafu je? Maana niliwahi kusikia piano iliyojaa dhahabu.

#43 Mtunza Kumbukumbu
Ulisikia sawa. Mwaka 2016, Shropshire, Uingereza, fundi alikuwa anahudumia piano ya kusimama ya Broadwood iliyokuwa imetolewa zawadi kwa chuo. Vibonyezo vilikuwa vizito, akavitoa, chini akakuta vifurushi. Sarafu za dhahabu 913, za kuanzia 1847 mpaka 1915.

Nimeileta hapa kwa sababu nyingine lakini. Broadwood ni mojawapo ya kampuni zilizotunza daftari zake vizuri mno, ziko kwenye hifadhi ya Surrey. Kwa namba ya piano ilijulikana kwamba mwaka 1906 iliuzwa kwa wafanyabiashara wa Saffron Walden, Essex. Na baada ya hapo? Kimya, mpaka 1983 familia moja ilipoinunua. Karibu miaka themanini, na mwenye dhahabu hakupatikana. Hiyo ni piano yenye jina, namba na daftari. Mjukuu, yako haina hata kimoja cha uhakika, kwa hiyo usijilaumu.

#44 Kinanda Bubu
Nimeinuka kwenda kuangalia chini ya vibonyezo vyangu. Nina keyboard ya umeme.

#45 Mjukuu Mrithi
Wakuu, mambo yamebadilika. Nimepata picha ya familia, nyeusi na nyeupe, haina tarehe. Bibi amekaa kwenye piano, bado msichana. Vishikio vya mishumaa vinaonekana, kimoja kila upande. Nilifurahi mpaka nikamtumia shangazi mkubwa.

Amenijibu kwa maneno haya: "Hiyo siyo hiyo." Anasema ile ya kwenye picha ililiwa na mchwa ikapasuliwa kuni, na hii niliyonayo ilinunuliwa mkononi mwa mtu, yeye akiwa ameshaolewa na ameshahama nyumbani. Anasema hajawahi kuipiga hata siku moja. Kwa hiyo hadithi ya baba yake babu ni ya piano nyingine iliyokwisha kufa.

#46 Seremala Msomi
Pima. Kwenye picha, vishikio viko umbali gani kutoka ukingoni ukilinganisha na upana wote? Linganisha na matundu yako.

#47 Mjukuu Mrithi
Kwenye picha ni kama moja ya tano. Kwangu ni kama moja ya sita. Ila picha imepigwa kwa pembeni, na bega la bibi limeziba.

#48 Seremala Msomi
Basi haisemi lolote. Miguu?

#49 Mjukuu Mrithi
Gauni.

#50 Sauti ya Tatu
Mimi namuamini shangazi. Inaeleza kila kitu: piano ya mitumba, jina limekwanguliwa na muuzaji, namba imepakwa upya, vibonyezo kumi vimebadilishwa. Hata hiyo 6118 inaweza kuwa ya mbao kutoka piano nyingine kabisa. Huenda una piano mbili ndani ya sanduku moja.

#51 Mama Solfa
Na mimi naiamini ile la. Rudi #7. Vyeupe vyote vya katikati vimechimbika isipokuwa iliyokufa. Pembe haichimbiki kwa mwaka mmoja. Hiyo noti ilikufa zamani sana, watu wakaendelea kupiga miaka mingi wakiiruka. Nyumba ya namna gani inaacha la ya katikati ikiwa imekufa miaka yote hiyo? Nyumba iliyoizoea.

#52 Nyundo na Felti
Au kibao chake cha pembe kiling'oka kikabandikwa cha akiba. Ninavyo kopo zima.

#53 Mama Solfa
Fundi, wewe unapenda kuharibu.

#54 Mjukuu Mrithi
Jana shangazi alikuja kuniona. Sikumwambia chochote kuhusu uzi huu. Nilienda jikoni, nikasikia piano. Nilisimama mlangoni. Alikuwa anapiga kwa mikono miwili, polepole, macho yako dirishani. Kila alipofika kwenye ile la, kidole kiliinuka kikaenda moja kwa moja kwenye noti inayofuata, si, bila kubonyeza ubao mtupu hata mara moja. Nimesikiliza kama dakika tatu.

Nilipoingia akafunga kifuniko akasema imechoka, ningeitoa tu.

#55 Jicho Kavu
KESI IMEFUNGWA.

#56 Sauti ya Tatu
Haijafungwa. Labda aliijaribu kwanza ukiwa jikoni, akajua imekufa. Au ya kwanza nayo ilikuwa na ugonjwa huohuo. Au wimbo wenyewe hauna la. Ulikuwa wimbo gani?

#57 Mjukuu Mrithi
Nimempigia asubuhi hii kumuuliza. Anasema hakupiga wimbo wowote, alikuwa anafuta vumbi.

#58 Panya Mzee
Ushahidi wetu!

#59 Nyundo na Felti
Mjukuu, toa kibonyezo cha 85, cha mwisho kulia. Wengine huandika huko pia. Na akija tena, kaa jikoni muda mrefu zaidi.